Wikendi Nandi: Kumsaka Chemosit kwa Mfuko Mwepesi

Safari ya kumtafuta mnyama ambaye huenda hayupo ina nafuu moja: hakuna anayekutoza kiingilio cha kumwona. Simba wa Maasai Mara ana bei. Dubu wa Nandi, ambaye wengine humwita chemosit, hana. Kwa hiyo ukiwa na siku mbili, marafiki watatu na pesa za kubahatisha, ushauri wangu ni uelekee magharibi, kwenye misitu na mashamba ya chai ya Kaunti ya Nandi. Mchana utafuata nyayo na hadithi za huyo dubu, usiku utakesha ukitazama yale mataa ya angani ambayo hakuna kijiji kisicho na mtu aliyeyaona.

Niseme mapema ninachoamini, usije ukanidai nauli. Sidhani Nandi kuna dubu. Dubu wa mwisho wa Afrika waliishi kwenye milima ya Atlas, kule kaskazini kabisa, nao walitoweka katika karne ya 19. Wala sijashawishika kwamba wageni wa sayari nyingine hutua Kapsabet. Hata hivyo naipenda safari hii kuliko nyingi za gharama kubwa, maana inakulazimisha kutazama na kusikiliza kwa makini, jambo ambalo mtalii wa garini hana haja nalo.

Kabla ya kufunga begi, ijue hadithi unayoifuata. Watu wengi huenda na picha ya mtandaoni ya dudu lenye manyoya na makucha, wakamkuta mzee wa Kinandi, wakamwuliza kama amewahi kumwona chemosit. Mzee anatabasamu. A. C. Hollis, aliyechapisha kitabu kuhusu Wanandi mwaka 1909, aliandika chemosit ni nani: zimwi, nusu mtu nusu ndege, lenye mguu mmoja, hutembea likijiegemeza kwa fimbo iliyofanana na mkuki, na mdomo wake ni mwekundu, hung'aa usiku kama taa. Hapo hamna dubu. Walowezi walilisikia jina, wakalibandika kila mnyama waliyeshindwa kumtambua gizani. Kwa hiyo ukimwuliza mzee habari za chemosit, umemwuliza habari za zimwi la kuwatisha watoto, naye atakujibu kwa adabu ya mtu aliyeulizwa swali la kitoto.

Dubu mwenyewe aliingia kwa mlango mwingine. Mwingereza mmoja, Geoffrey Williams, alikuwa akipita uwanda wa Uasin Gishu na binamu yake mara tu baada ya vita vya Waingereza dhidi ya Wanandi, vile vya mwaka 1905 na 1906. Walikuwa wametangulia mbele ya msafara, karibu na mlima wa mawe wa Sergoit, na ukungu ulikuwa mzito. Ghafla ukungu ukafunguka. Mbele yao, kama mita 27 hivi, alikuwapo mnyama mkubwa ameketi kwa makalio, kimo chake karibu mita moja na nusu. Kabla hawajajua la kufanya, mnyama akashuka kwa miguu minne akaondoka kwa mwendo wa upande upande kuelekea kwenye mawe. Williams alifyatua risasi moja, ikakosa. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1912, na tangu hapo kila mtu akawa na dubu wake.

Irudie habari hiyo polepole, kwa maana ndani yake mna somo lote la safari yako. Mwenye kusimulia si mwongo. Lakini ukungu una tabia ya kukuza vitu: jicho likiona umbo lililofifia hudhani liko mbali, na akili, ili hesabu ikubali, hulipa umbo hilo ukubwa ambao halina. Fisi madoa ana mabega yaliyoinuka, mgongo ulioteremka na mwendo wa kuchechemea. Ukimtoa kwenye ukungu akiwa ameketi, sijui ni wangapi kati yetu tungemtambua. Wataalamu wengi wameegemea huko kwa fisi, wengine kwa nyegere au nyani mzee.

Sasa kuna upande wa pili, ambao wenye dharau husahau. Mwaka 1904 sayansi ilimpata nguruwe mkubwa wa msituni, mweusi, mwenye manyoya marefu na mashavu yaliyovimba, ambaye dume lake huweza kuzidi kilo 200. Wenyeji walikuwa wakimfahamu siku zote. Ngozi na fuvu zilitoka katika misitu ya huku huku Nandi, karibu na Kaimosi, zikapelekwa London, na mnyama akapewa jina la ofisa wa kijeshi aliyezipeleka, Richard Meinertzhagen. Ofisa huyo huyo aliandika pia habari za dubu wa Nandi. Na ndiye aliyemwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, tarehe 19 Oktoba 1905, katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani. Miaka mingi baadaye wachunguzi wa makumbusho waligundua kwamba aliiba ndege waliokaushwa na kuwaandikia lebo za uongo. Hafai kuaminiwa hata saa ya ukutani. Lakini nguruwe wake yupo hadi leo, kwa sababu fuvu halihitaji shahidi mwaminifu. Dubu wake hana fuvu.

Basi tuje kwenye mfuko.

Kundi la watu wanne ndilo zuri. Mkiwa wawili gharama ya hema na ya mwenyeji wa kuwaongoza inawalemea. Mkizidi sita mnakuwa harusi, hakuna mnyama atakayewasubiri. Kama mnatoka Nairobi, wekeni shilingi 6,000 kwa kichwa, na kiasi kikubwa cha hizo kitakwenda kwenye matatu. Anayetoka Eldoret au Kisumu atatumia nusu. Msisafiri Ijumaa jioni, nauli ikipanda na barabara ikifurika. Pandeni gari la alfajiri ya Jumamosi, au bora zaidi la Ijumaa mchana kama mwajiri ana huruma, mlale Kapsabet.

Chakula nunueni sokoni Kapsabet, si dukani Nairobi. Viazi, sukuma wiki, vitunguu, mayai, unga, majani ya chai na maziwa yanawatosha, na mkipata mtu wa kuwauzia mursik kutoka kwenye kibuyu msiikatae. Mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu ni bora kuliko kutegemea kuni: kuni za msituni zina masharti, na mvua ya Nandi haiulizi kama umepika.

Juu ya mvua niseme zaidi, maana ndiyo inayoharibu safari nyingi za huku. Nyanda za Nandi Hills na Kericho zinajulikana duniani kwa mvua ya mawe. Huja mchana baada ya asubuhi nzuri inayokudanganya. Hema jepesi la bei ya chini, lile la kusimama pwani, hutobolewa. Kwa hiyo simamisheni hema kabla ya saa sita mchana, chini ya turubai iliyofungwa kwa kamba zilizokazwa, mbali na mti mkubwa uliosimama peke yake, na mchimbe mfereji mdogo upande wa juu wa mteremko. Usiku baridi ni ya kweli, kwani mko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Blanketi moja zito la nyumbani linashinda begi la kulalia la kukodi ambalo hujui lililala na nani. Bebeni pia chandarua. Watu hudhani milima haina malaria, lakini Nandi ina historia ya milipuko yake.

Vifaa vya uchunguzi vyenyewe ni vichache, na hapa ndipo wengi hutupa pesa. Hamhitaji kipima sumaku wala miwani ya kuona gizani. Mnahitaji daftari, kalamu mbili, saa, kipimo cha utepe cha fundi, dira ya simu na tochi iliyofunikwa karatasi nyekundu, ili macho yasipoteze uzoefu wa giza. Macho huhitaji karibu nusu saa kuzoea giza, na mwanga mmoja wa skrini ya simu huirudisha kazi hiyo mwanzo. Darubini ya mkononi ya kuazima ni nyongeza nzuri. Ndege isiyo na rubani iacheni nyumbani: kuirusha Kenya kunahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na kelele yake itamfukuza hata dubu asiyekuwapo.

Jambo la ruhusa msilichezee. Msitu wa Nandi Kusini uko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, na kulala ndani yake bila idhini ni kosa. Nendeni kwanza kwenye kituo cha misitu, mjieleze, mwulize kuhusu chama cha jamii kinachosimamia msitu pamoja na Huduma hiyo. Humo ndimo hupatikana mwenyeji wa kuwaongoza kwa ujira wa haki. Mkikosa nafasi ya kulala msituni, ombeni uwanja wa boma lililo ukingoni, na mlipe. Mkitaka pasipo na maswali kabisa, Msitu wa Kakamega, ambao zamani uliungana na huu, una kambi rasmi upande wa Buyangu chini ya Huduma ya Wanyamapori.

Halafu mpitieni chifu au naibu wake, au angalau mzee wa Nyumba Kumi. Si kwa heshima tu. Wageni wanne wanaozunguka saa saba za usiku na tochi nyekundu, mahali ambapo watu wana ng'ombe, hawaonekani kuwa watafiti. Wanaonekana wezi wa mifugo.

Mkishafahamika, kaeni na wazee. Salimieni kwa Kikalenjin, "Chamge," hata kama neno la pili hamlijui. Nyanya mkimwita "kogo" atawapa kiti. Kisha msiulize habari za dubu. Ulizeni: msituni humu kuna wanyama gani, na zamani walikuwapo gani ambao siku hizi hawaonekani? Mwacheni mtu aseme mpaka achoke. Akigusia kitu alichokiona mwenyewe, ndipo mrudi kwa utaratibu: alisimama wapi, jua lilikuwa upande gani, mnyama alipita karibu na mti upi, na kimo chake kilifika wapi kwenye mti huo. Ombeni awapeleke pale mahali, mpime kwa utepe. Mara nyingi mnyama wa kimo cha mtu hupungua mpaka magotini mbele ya mti wenyewe. Msimwonyeshe mtu picha kabla hajamaliza maelezo. Ukishamwonyesha picha ya dubu, alichoona huko nyuma kitaanza kuota masikio ya dubu. Na kama anasimulia hadithi ya zimwi, isikilizeni kama hadithi. Msimwulize zimwi lilikuwa na uzito gani.

Jioni ikiingia, gaweni zamu za saa mbili mbili. Usiku wa kwanza, baada ya chakula, mtasikia kitu kitakachomfanya mmoja wenu atake kurudi Nairobi kwa miguu. Huanza kama mlango wenye bawaba zilizokaukiwa na mafuta, mkwaruzo mmoja, wa pili, wa tatu, kila mmoja juu zaidi ya uliotangulia, kisha sauti inapasuka kuwa mayowe yanayojaza bonde zima. Huyo ni perere, pimbi wa mitini, mnyama asiyefika kilo tano. Wa pili atamjibu kutoka ng'ambo, halafu wa tatu. Ninaamini nusu ya hadithi za kutisha za misitu ya Afrika Mashariki zina perere ndani yake. Rekodini sauti hiyo kwa simu, andikeni saa, mkae kimya. Mkisikia kitu kizito kikivunja vijiti karibu na kambi, msikiendee. Huenda ni yule nguruwe wa kilo 200, naye hana haja ya kuthibitishwa tena.

Asubuhi, baada ya mvua ya jana, tafuteni nyayo kwenye matope ya njia za maji. Wekeni kipimo kando ya wayo kabla ya kupiga picha. Picha ya wayo isiyo na kipimo haina faida yoyote. Mkumbuke pia kwamba wayo kwenye tope laini huweza kubadilika umbo ukikauka, na kwamba mguu wa nyuma wa mnyama ukikanyaga juu ya alama ya mguu wa mbele huacha wayo mmoja mrefu unaofanana sana na wa mtu mwenye makucha.

Sasa angani. Chagueni wikendi ya giza, mwezi ukiwa umekwisha au mchanga. Mwenye kalenda ya Kiislamu atazame tarehe 27 hadi 2 au 3 ya mwezi unaofuata, hatakosea. Nandi iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo karibu nyota zote za kaskazini na kusini hupita juu yenu, bahati ambayo watu wa Ulaya huitafuta kwa tiketi ya ndege.

Mtaona mataa, hilo halina shaka. Kazi ni kuyaondoa moja moja. Nyota kali isiyosogea upande wa magharibi baada ya machweo, au mashariki kabla ya alfajiri, ambayo inaonekana kuwafuata mkitembea, ni Zuhura. Haipatikani angani usiku wa manane, basi mkiiona saa sita usiku tafuteni jibu jingine, pengine Mshtarii. Nukta isiyometameta inayovuka anga kwa dakika nne hadi sita kisha ikafifia katikati ya njia ni setilaiti au kituo cha kimataifa cha anga za juu, imeingia kwenye kivuli cha dunia. Msururu wa nukta zilizopangana kama uzi ni setilaiti za Starlink zilizorushwa karibuni. Zimekuwapo tangu Mei 2019, na kila zikipita simu za redio hujaa wapigaji. Taa nyeupe kali inayoning'inia bila kusogea kwa dakika kadhaa, kisha ikageuka ghafla ikawa na nyekundu na kijani, ni ndege inayoelekea uwanja wa Eldoret: ilikuwa ikija moja kwa moja machoni penu.

Kuna mataa mawili ya huku ambayo vitabu vya wageni havina. Mkikaa ukingoni mwa miinuko inayotazama bonde la Nyando, mtaona mimweko mikubwa upande wa magharibi bila ngurumo yoyote. Ni radi za Ziwa Victoria, mojawapo ya maeneo yenye radi nyingi zaidi duniani wakati wa usiku, na sauti yake haifiki. La pili ni mwanga mwekundu unaopanda na kushuka ndani ya msitu wenyewe. Huenda ni wa mrina asali anayefukiza mzinga. Huenda pia ni wa mchoma makaa asiyetaka kuonekana, na hapo rudini kambini kimya kimya. Mimi nikiuona mwanga kama huo hukumbuka ule mdomo wa chemosit unaong'aa usiku, na sioni ajabu kwamba wazee walimtumia kuwazuia watoto wasiingie msituni gizani.

Likibaki taa msiloweza kulieleza, msikimbilie kamera. Simu ikitafuta shabaha gizani hugeuza nukta kuwa duara jeupe linalopumua, na huo ndio "ushahidi" mwingi unaosambazwa. Andikeni kwanza: saa kamili, upande kwa dira, kimo juu ya upeo. Ngumi iliyonyooshwa mbele ni takriban nyuzi 10, kidole kidogo ni nyuzi moja, na mwezi mzima ni nusu ya nyuzi. Kila mtu aandike peke yake kabla ya kuzungumza na mwenzake. Jeshi la anga la Marekani lilikusanya taarifa 12,618 za aina hii kati ya 1947 na 1969, na 701 zikabaki bila maelezo. Wapenzi wa visahani vya angani huishikilia hiyo 701. Lakini taarifa isiyo na maelezo mara nyingi ni taarifa isiyo na vipimo, na jopo la NASA la mwaka 2023 lililalamikia hilo hilo: data mbovu.

Vitu vya angani hutua kweli, ila vina fundi anayejulikana. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, na shirika la Kenya la anga za juu likasema ni kipande cha roketi. Mkikuta chuma kigeni shambani, msikiguse, kwani mabaki ya namna hiyo huweza kuwa na sumu ya mafuta. Mwiteni chifu na polisi, mzuie watoto wasisogee. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1972 unaibebesha nchi iliyorusha chombo dhima ya hasara, na mwenye shamba akikiuza chuma hicho kwa mnunuzi wa vyuma chakavu amepoteza ushahidi wake. Kwa mifupa msiyoitambua ni vivyo hivyo: picha yenye kipimo, mahali palipoandikwa, kisha taarifa kwa Huduma ya Wanyamapori. Kubeba fuvu la mnyama pori ndani ya matatu kutawapa usiku wa tatu ambao hamkuupangia, kituoni.

Jumapili, kabla ya kupanda gari la kurudi, pitieni makumbusho ya Koitalel Samoei mjini Nandi Hills. Kiingilio hakitawaumiza.

Kama bado hamna tarehe, chukueni katikati ya Desemba. Mvua za huku huwa zimepungua, na vimondo vya Geminid hufika kilele usiku wa tarehe 13 kuamkia 14. Penye giza kamili huweza kupita zaidi ya 100 kwa saa, vingi vikiwa mnamo saa nane usiku. Angalieni kwanza kama mwezi hautakuwapo, kisha lipieni hema mapema, maana Desemba kila mtu anataka kutoka Nairobi.